Heshima ya Kukataliwa na Kilele

Haya sikusimuliwa. Nilifika huko kwa miguu yangu mwenyewe, na miguu ikishachubuka haina sababu ya kudanganya. Nchi yenyewe sitaitaja jina. Wenyewe wamelipaka kwenye kila ukuta na kila gari la serikali hata limechakaa, na mimi si mtu wa kuchakaza mali ya watu.

Ni nchi nzuri. Ina mito miwili, ina chumvi, ina mawaziri thelathini na mmoja, na ina vyuo vikuu vingi kuliko visima. Niliuliza kwa nini visima ni vichache, nikaambiwa kisima hakitoi cheti. Nikashukuru kwa maelezo. Mgeni ni mgeni.

Vyuo hivyo hupangwa kila mwaka na Wizara ya Sifa, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, kwa kipimo ambacho sijakiona penginepo, na nimetembea. Huko hawaangalii chuo kinafundisha nini. Karani mmoja wa Wizara alinieleza kwa upole kwamba kufundisha ni jambo la ndani, halionekani kwa macho, na serikali haiwezi kupima vitu vya ndani. Chuo hupimwa kwa idadi ya watu kiliowakataa. Kikikataa mia, ni chuo cha wastani. Kikikataa elfu, wakubwa huanza kukipigania. Na Chuo Kikuu cha Kilele, kilichojengwa juu ya mlima ili hata kukifikia kuwe ni namna ya kukataliwa, kilikuwa kikipokea maombi elfu kumi kila mwaka na kukataa elfu tisa mia tisa tisini na tisa. Yule mmoja aliyebaki hupokelewa, nadhani ili mlinzi wa geti asisahau kazi.

Msidhani kukataliwa na Kilele ni aibu. Barua yake huja katika bahasha nene yenye lakiri nyekundu, nayo hutiwa kwenye fremu na kutundikwa juu ya mlango wa mbele. Ukienda harusini unaulizwa kwanza, "Mmekataliwa wapi?" Jibu lako ndilo linaloamua kama utakaa kwenye kiti au kwenye mkeka, na kama pilau yako itakuwa na nyama. Wale waliokubaliwa na vyuo vidogo hula ukoko nyuma ya jiko, pamoja na wapiga ngoma.

Mimi nilifikia kijiji kinachoitwa Mkongeni, nyumbani kwa mfugaji mmoja, Ngwali. Nilimshonea viatu, akanipa pa kulala. Alikuwa mtu mwema kwa kila jambo ambalo halikuhusu majirani. Siku ya pili tu niliona ng'ombe wake mmoja amelala zizini, tumbo limevimba kama ngoma ya mdundiko. Wakamwita Bwana Mifugo wa wilaya, kijana mmoja anayeitwa Msomi Abedi. Huyo ndiye aliyekuwa yule mmoja wa Kilele, miaka minne nyuma.

Msomi Abedi alifika na suti. Akasimama mbele ya ng'ombe, akafungua mkoba, akatoa cheti chake, akamwonyesha ng'ombe. Kisha akamsomea chote, kuanzia nembo hadi sahihi. Ng'ombe alivuta pumzi mbili, akafa.

"Sasa alikuwa na ugonjwa gani?" akauliza Sikitu, binti wa Ngwali, msichana wa miaka kumi na minane aliyekuwa amepiga magoti penye kichwa cha mnyama.

"Nilisoma Kilele," akasema Msomi Abedi.

"Najua, Bwana Mifugo. Nauliza kilichomuua."

"Ni-li-so-ma Ki-le-le," akarudia polepole, kama mtu anayesema na kiziwi.

Akapewa chai na kuku, akaenda zake. Ngwali alifuta machozi kwa kiganja. "Amekufa, ndiyo," akaniambia. "Lakini mgeni, si kila ng'ombe anayepata kufa mbele ya mtu wa Kilele."

Huyo alikuwa wa nane mwaka ule. Walibaki kumi na mmoja.

Basi Sikitu hakutaka suti wala fremu. Alitaka ajue kutibu ng'ombe, na alilitaka jambo hilo kwa hasira, kama mtu aliyekwisha kuzika wanane. Alikuwa ameomba vyuo viwili. Kilele aliomba kwa sababu baba yake alimsimamia mgongoni mpaka fomu ikaisha. Cha pili aliomba peke yake, na kilikuwa Chuo cha Mifugo cha Bondeni, kilichoshika nafasi ya mwisho kabisa kwenye orodha ya Wizara. Kingekuwa chini zaidi, ila karatasi iliisha.

Majibu yakaja wiki moja.

La Kilele lililetwa na magari matatu na king'ora. Bahasha haikuwa nene. Ilikuwa nyembamba, ya dhahabu, na watu wa Mkongeni walipoiona walikaa chini bila kuambiwa. Sikitu amekubaliwa! Ndiye yule mmoja! Wanawake walipiga vigelegele mpaka kuku wakapanda juu ya paa. Barua ilieleza kwamba Kilele hakitoi ufadhili kwa yeyote, kwani heshima ya bure hunuka, na kwamba kwa kuwa mwanafunzi ni mmoja, ada yote ya chuo ni yake. Ngwali alisomewa, akahesabu kwa vidole: ng'ombe wote kumi na mmoja, mabati ya nyumba na shamba la mtoni.

"Rahisi," akasema.

La Bondeni lililetwa na mwanamke kwa baiskeli. Aliitwa Mwalimu Kibibi, na miguuni alivaa buti za mpira zenye samadi mbichi. Alieleza kwa maneno machache kwamba Sikitu amewashinda wote katika mtihani wao, na chuo kitamsomesha bure miaka mitatu. Kitanda, chakula, vitabu na buti.

Watu waliangalia pembeni. Jirani mmoja, Bi Tabu, ambaye mwanawe alikuwa amekataliwa na Kilele mara nne na kwa hiyo mdomo wake ulikuwa na mamlaka, akasema kwa sauti ya kusikika, "Chuo kinakuja chenyewe kwa baiskeli? Mume anayejiposa mwenyewe ana donda alilolificha."

"Mwaka huu mmekataa wangapi?" Ngwali akamuuliza yule mwalimu kwa adabu.

"Sita," Mwalimu Kibibi akajibu. "Nafasi zilikuwa arobaini. Na hao sita wananiuma mpaka leo, walikuwa watoto wazuri."

Ngwali akageuza uso. Muungwana haangalii utupu wa mtu.

"Na hao mnaowafundisha huishia wapi?" niliuliza mimi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na haja ya kujua.

"Mazizini, mzee. Wapo wilaya ya ng'ambo ya mto. Ng'ombe wa kule hawafi hovyo."

"Basi masikini hawana cha kusimulia," akasema Bi Tabu.

Mwalimu Kibibi alimkabidhi Sikitu fomu moja. "Mzazi atie dole gumba hapa. Masomo yanaanza Jumamosi. Nitakushikia nafasi mpaka siku hiyo, mwanangu. Zaidi ya hapo nampa mmoja wa wale sita." Akapanda baiskeli yake, akaondoka, na mtoto mmoja akatumwa afukie nyayo zake kwa mchanga.

Sheria ya huko ndiyo hiyo. Bila dole gumba la mzazi, mtoto haendi popote.

Jumatatu Ngwali alitupeleka Kilele, Sikitu na mimi, ili binti aone kwa macho yake anachotaka kukiringia. Tulipanda ngazi mia saba. Juu tulipokewa na Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Kilatu, mtu mnene aliyevaa joho juu ya joho. Akatutembeza. Tuliona Kitivo cha Kukataa kwa Upole, ambako maprofesa kumi na wawili walikuwa wakitafuta neno bora kuliko "tunasikitika." Tuliona Kitivo cha Kukataa kwa Ukali, humo hatukukaa sana. Tuliona Taasisi ya Majuto, inayochunguza vilio vya wazazi na kuvipanga kwa urefu. Kila mahali palikuwa safi. Viti havijakaliwa.

"Maabara iko wapi?" akauliza Sikitu.

"Maabara iliomba kuwepo hapa," akasema Profesa Kilatu. "Tukaikataa."

Ngwali akanibana mkono kwa furaha. Machozi yalimlengalenga.

"Na nani atanifundisha magonjwa ya mifugo?"

Profesa alisimama. Akavuta joho la juu, kisha akavuta la chini. "Binti," akasema, "vipo vyuo vinavyofundisha. Sivilaumu. Havijiamini. Chuo kisichojiamini humshika mwanafunzi, kikamwonyesha hiki, kikamweleza kile, kikamsahihisha, kikamrudisha nyuma, kana kwamba ana upungufu. Kilele hakimdhalilishi mtu namna hiyo. Ukiingia hapa umekwisha kuwa msomi. Miaka minne tunakaa tu, sisi na wewe, tukiwatazama wale walio nje."

"Wakati huo nafanya nini?"

"Unaonekana."

Wakati wa kushuka, kama ngazi ya mia mbili hivi, Sikitu alikaa chini.

"Baba, mle ndani hamna hata mwalimu mmoja."

"Mwalimu wa nini? Umekubaliwa na Kilele, halafu unataka na kufundishwa! Tamaa hii umeitoa wapi, kwa mama yako?"

"Utauza ng'ombe wote nikajifunze kutibu ng'ombe. Nikirudi nitamtibu nani?"

"Utakuwa na cheti."

"Baba, Msomi Abedi anacho cheti."

"Ndiyo! Na amekunywa chai kwangu, na kiti alikalia cha mbele! Wewe unataka nikale ukoko na wapiga ngoma? Nimekula ukoko miaka ishirini, Sikitu. Nimeukalia mkeka mpaka nimeota alama." Mimi nilitazama bonde. "Dole langu halitagusa ile karatasi ya samadi. Na ukikikataa Kilele, usiniite baba."

Nikajiingiza, ambalo ni kosa langu la zamani. "Ngwali," nikasema, "uzuri wa chungu hujulikana jikoni, si kwenye rafu."

Akanitazama juu hadi chini. "Mzee, wewe umekataliwa wapi?"

"Sikuwahi kuomba."

Tangu siku hiyo nilikula nyuma ya jiko.

Jumatano Sikitu alikuja kunitaka bahasha. Alikuwa ameandika barua yenye maneno mawili: *Nashukuru. Siji.* Akaipeleka posta mwenyewe, nami nikamsindikiza. Tarishi alipoona inakwenda Kilele na imetoka kwa mtu aliyekubaliwa, akauliza aitie kisanduku gani. Kulikuwa na kisanduku cha maombi, cha kukata rufaa, cha kuomba radhi kwa kuomba, na cha shukrani kwa kukataliwa. Kisanduku cha mtu anayesema hapana hakikuwepo. Akaibeba mkononi, kwa ncha za vidole, kama mtu aliyebeba nge.

Habari zilimfikia Ngwali kabla hatujafika nyumbani. Hakupiga kelele. Aliacha tu kusema na mwanawe. Akitaka kitu alimwambia kuku, au mimi. "Mgeni, mwambie huyo mtoto wa watu kwamba mboga haina chumvi." Sikitu alikuwa amekaa mbele yake, umbali wa mkono. Alinyanyuka, akaleta chumvi, akaiweka, akarudi kukaa. Fomu ya Bondeni ilikuwa imekunjwa kwenye upindo wa kanga yake. Alhamisi ikapita hivyo. Ijumaa alifungasha mzigo wake, akaufungua, akaufungasha tena.

Kule juu mlimani, tulikuja kuambiwa baadaye, Baraza la Chuo lilikuwa limekaa siku mbili bila kuinuka. Hawakuwa na ubaya na msichana. Shida ilikuwa kanuni. Kanuni ya kwanza ya Kilele inasema: *Chuo hukataa, chuo hakikataliwi.* Na barua ilikuwa pale mezani, ina maneno mawili, na kila mjumbe aliyeisoma aliomba maji. Kitivo cha Upole kilipendekeza waseme haikufika. Kitivo cha Ukali kilipendekeza waseme Sikitu hajazaliwa. Mwishowe profesa mmoja mzee, ambaye alikuwa amelala tangu Alhamisi, aliamka na kuuliza, "Si tumkatae?" Wakambeba juu juu mpaka uani.

Jumamosi asubuhi, jua bado changa, tukasikia ving'ora. Magari hayakuwa matatu. Yalikuwa kumi na tisa, na bendi ya matarumbeta, na Waziri wa Sifa mwenyewe.

Ngwali alitoka na shuka, akijua wamekuja kumfunga. Akanyoosha mikono. Waziri akaishika yote miwili, akamkumbatia.

"Mzee Ngwali! Hongera! Binti yako amekataliwa!"

Profesa Kilatu akatoa bahasha. Mimi nimeiona. Ilikuwa nene kuliko zote za Mkongeni, na lakiri zake tatu. Barua ilikuwa na tarehe ya siku moja kabla ya ile ya kumkubali, kwa hiyo ilikuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye akili kwamba Kilele kilikuwa cha kwanza. Tena haikuwa kukataliwa kwa kawaida. Ilikuwa Kukataliwa kwa Daraja la Juu, hadhi iliyobuniwa usiku ule kwa mtu ambaye chuo kilimfungulia mlango ili kipate kumfungia vizuri zaidi.

Bi Tabu, mwenye barua zake nne, aliingia ndani kwake akafunga dirisha.

Waziri akapanda juu ya gari. "Ndugu wananchi," akasema, "nchi nyingine zina vyuo vyenye wanafunzi. Hiyo si ajabu. Hata mti una nyani! Sisi, kuanzia leo, tumekataa elfu kumi katika elfu kumi. Hakuna mtu hata mmoja katika taifa hili anayestahili kusoma Kilele, na mimi nikiwemo, na watoto wangu wakiwemo, ambao ndiyo maana nimewapeleka nje. Tumeufikia ukamilifu! Dunia ituonyeshe chuo kingine kilicho kitupu kama hiki!"

Watu walilia. Matarumbeta yakalia. Kiti kikaletwa, cha kitambaa, chenye mikono, kikawekwa kando ya Waziri, na Ngwali akaambiwa akae. Alikikagua kwanza kwa kiganja. Kisha akakaa taratibu sana.

Karani akaleta hati za kupokea heshima, nakala tatu, na kidau cha wino. Ngwali akatia dole la kwanza, la pili, la tatu. Nyuma ya kiti chake Sikitu alikuwa ameinama, amejifunga kanga yake juu ya gauni jekundu la sherehe alilovikwa na shangazi zake dakika chache kabla. Alichomoa karatasi kwenye upindo wa kanga, akaikunjua, akaisukuma mezani juu ya zile tatu.

"Moja bado, baba."

Dole lilikuwa na wino tayari. Ngwali aliitazama karatasi. Siwezi kuapa kwamba hakuijua, maana harufu ya samadi ilikuwa haijaitoka. Waziri alikuwa akimsemesha upande mwingine, na wapiga picha wanataka ageuke. Akatia dole. Akaigeuza karatasi chini juu, akamrudishia bila kugeuza kichwa.

"Watu wakiuliza," akasema kwa sauti ya chini, "umelala. Kukataliwa kunachosha."

"Ndiyo, baba."

"Pitia nyuma."

Tulipitia nyuma, penye jiko, penye wapiga ngoma na ukoko wao. Sikitu alibeba godoro kichwani na mimi nikabeba ndoo yake. Matarumbeta yalitusindikiza mpaka kilimani, si kwa ajili yetu. Aligeuka mara moja tu. Kutoka pale kilionekana kiti, na mtu juu yake, mdogo kama tumbili, anapunga mkono kwa gari moja baada ya jingine.

"Atakuja kuniona?" akaniuliza.

"Bondeni? Kila mtu amuone?"

"Hata, haji," akasema, akajifunga kanga upya, tukaenda.

Chuo cha Bondeni hakina geti. Nililitafuta kwa muda, kwa mazoea ya nchi ile, mpaka nikagundua tumeshaingia. Palikuwa na mabanda ya udongo, ubao mweusi umeegemezwa kwenye ukuta, na zizi. Jua lilikuwa linakaribia utosi. Vijana thelathini na tisa walikuwa wamezunguka ng'ombe aliyelala ubavu akigumia, na katikati yao Mwalimu Kibibi amepiga magoti, mkono umezama ndani ya mnyama mpaka begani. Hakuna aliyegeuka kututazama. Hakuna aliyeuliza tumekataliwa wapi.

"Umechelewa," akasema Mwalimu Kibibi, shavu lake limelala kwenye paja la ng'ombe. "Karatasi?"

Sikitu akaionyesha.

"Itie mahali pakavu. Vua viatu. Ndama amegeuka, nimeupata mguu mmoja, na huyu mama hana saa nzima. Shika kamba hii. Utavuta nikisema, si kabla." Kisha akaniona. "Na mzee naye ameomba nafasi?"

"Hapana, mimi nimeleta ndoo."

"Ijaze maji uilete."

Niliporudi na maji, gauni jekundu lilikuwa tope mpaka kiunoni. Sikitu alikuwa ameishika kamba kwa mikono yote miwili, amekaza meno, anasubiri. Mwalimu Kibibi alitazama vidole vyake.

"Si hivyo," akasema. "Ukivuta hivyo utamvunja. Legeza. Anza tena."

Katika maisha yake yote, tangu azaliwe katika nchi ile, hakuna mtu aliyewahi kumwambia binti yule maneno ya namna hiyo. Alilegeza kamba. Akaishika upya.